Laki saba za kisanduku, na swichi ya marehemu mjomba

Kwa miezi minne nilikuwa na laki saba kwenye bahasha, na bahasha nimeificha ndani ya jalada la LP, yaani santuri kubwa, ya Mbaraka Mwinshehe, nikijua kabisa kuwa nyumbani kwangu hakuna mwingine anayeligusa jalada hilo. Hela ilikuwa na kazi moja tu, kununua kisanduku kipya cha fono. Mke wangu nilimwambia ni ya "kifaa cha redio". Sikumdanganya, ila sikumwambia yote.

Kwa wanaosikiliza muziki kwenye simu, nieleze kwanza hicho kisanduku ni kitu gani. Sindano ikipita kwenye mfereji wa santuri inatikisika, na kichwa kilichoishika kinazalisha umeme kidogo sana. Kichwa changu ni Audio-Technica VM95E, kinatoa milivolti 4 hivi. Simu au king'amuzi hupeleka kwenye amplifaya umeme mkubwa kuliko huo mara mia, pengine zaidi. Ukichomeka pleya ya santuri moja kwa moja kwenye tundu la AUX, lile la kawaida la kuingizia sauti, utasikia muziki wa mbali, kama harusi ya mtaa wa tatu, halafu besi hamna kabisa.

Besi haipo kwa sababu waliokata santuri waliipunguza makusudi. Sauti nzito inaifanya sindano iyumbe kwa upana, kwa hiyo ukiiacha kama ilivyo, mfereji mmoja utamwingilia jirani yake na upande mzima utabeba nyimbo chache. Basi wanaipunguza, na zile sauti nyembamba wanaziongeza ili zisimezwe na mchakacho wa plastiki. Kazi ya kisanduku cha fono ni kuyatengua hayo yote kisha kukuza sauti. Ni kama kanzu iliyokunjwa ikatiwa kwenye begi la safari: anayeipokea asipojua ilikunjwaje, ataipiga pasi kwa kubahatisha. Kipimo cha ukunjaji ambacho dunia inakitumia hadi leo kilipitishwa Marekani mwaka 1954 na chama cha kampuni za kurekodi muziki, RIAA. Kwa kipimo hicho, kisanduku kinachokuza sauti ya kati, hezi 1,000 (mitikisiko elfu kwa sekunde), mara 100, kitaikuza sauti ya hezi 50 kama mara 700. Ikumbukeni hiyo 50, tutakutana nayo tena, maana umeme wa ukutani hapa Tanzania nao unakwenda kwa hezi 50.

Si kila mtu anahitaji kisanduku cha pembeni. Amplifaya za miaka ya 70 karibu zote zilikuja na fono ndani, na mimi ninayo moja ya namna hiyo. Ni ya Kijapani, nzito kama jiwe la kusagia, nimeirithi kwa mjomba. Alikuwa na baa ndogo Ngamiani, Tanga. Aliacha amplifaya, spika mbili zenye vitambaa vilivyoliwa na mende, na kreti za bia zilizojaa santuri. Nimezihesabu: LP ni thelathini na moja, na zile ndogo za mizunguko 45 ni mia moja arobaini na kitu. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zimo, maana hizo ndizo zilikuwa bendi za nyumbani. Simba Wanyika wamo kwa wingi, na nadhani mjomba aliwahesabu kuwa ni vijana wa Tanga waliopotelea Nairobi. Nyingi ya santuri hizo zilikandamizwa huko huko Nairobi, na ukizipanga kwa miaka utaona pale mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, kwa sababu kuanzia hapo kreti inapungua ghafla.

Chini ya kreti moja nilikuta sarafu ya senti hamsini, ile yenye sungura, ina mabaki ya gundi upande mmoja. Nikadhani imemdondoka mteja. Nikaitia mfukoni.

Pleya ya mjomba haikunifikia, nilinunua ya kwangu. Nikaiunganisha na amplifaya ile, na kwa mwaka mzima nikawa mtu mwenye furaha. Kosa langu ni kuingia mtandaoni kusoma. Huko nikakutana na watu wa London na Chicago wanaosimulia jinsi walivyobadilisha kisanduku cha fono na muziki "ukavuliwa pazia". Ukishasoma maneno ya namna hiyo, jioni hiyo hiyo utaanza kuliona pazia nyumbani kwako. Na kusema kweli, malalamiko nilikuwa nayo. Kulikuwa na mvumo wa chini usiokoma, mmmmm, unaousikia kila wimbo unapokwisha. Herufi "s" ilikuwa kali, na matoazi yanachachatika kama vitumbua vinavyotiwa kwenye mafuta ya moto. Tena zile santuri ndogo zilikuwa na mchakacho ambao ulikuwa unaufunika muziki wenyewe. Yote nikayabebesha fono ya mjomba. Ina umri wa miaka arobaini na ushee, nilijiambia, lazima imechoka.

Rafiki yangu mmoja anaishi Nairobi, mtu wa kushinda Kenyatta Market kila Jumamosi akipekua santuri. Alikuja Dar kwenye msiba, akaniletea kisanduku chake niwe nacho kwa wiki tatu. "Ndugu yangu, usinunue kwa macho," aliniambia. "Kaa nacho kwanza." Kilikuwa cha aina ile ile niliyokuwa naipigia hesabu, kisanduku cha chuma kidogo kuliko pakiti ya majani ya chai, pamoja na nyaya zake.

Usiku wa kwanza nilikiunga, nikaweka LP, nikakaa. Matoazi yametulia! "S" imekuwa "s" ya binadamu. Nikampigia simu rafiki yangu saa nne usiku kumwambia kuwa pazia limevuliwa. Akacheka, akaniuliza, "Na ule mvumo?" Nikanyamaza. Mvumo ulikuwepo vile vile, tena mkubwa zaidi.

Hapo ndipo akili ilipoanza kunirudia. Kisanduku kipya na fono ya zamani, vitu viwili visivyojuana, vinawezaje kuwa na ugonjwa mmoja? Nikaanza kuchomoa waya mmoja mmoja. Waya wa ethi wa pleya, ule wa kupeleka umeme ardhini, ulikuwa umelegea kwenye skrubu yake, nikaukaza, mvumo ukapungua kidogo. Nikahamisha adapta ya umeme mbali na pleya, hakuna kilichobadilika. Mwisho nikafika kwa king'amuzi. Sauti ya televisheni nilikuwa nimeipitisha kwenye amplifaya, ili taarifa ya habari isikike vizuri. Nikauchomoa waya wa dishi.

Kimya. Kimya ambacho sikuwahi kukisikia kwenye chumba hicho.

"Wewe baba, umefanya nini?" Mke wangu alikuwa katikati ya tamthilia.

"Sikiliza."

"Nisikilize nini?"

"Husikii kitu. Hicho ndicho."

Sitaandika hapa alichosema baadaye. Ufafanuzi wenyewe ni mfupi: ngao ya waya wa dishi ina njia yake ya kufika ardhini, amplifaya nayo ina njia yake, na kati ya njia hizo mbili kinapita kijiumeme cha hezi 50, ile ile tuliyoiacha kule juu, ambayo fono inaikuza mara mamia. Kisanduku cha bei yoyote kingeukuza huo mvumo kwa uaminifu mkubwa. Siku hizi televisheni inatumia spika zake yenyewe, haijui kama amplifaya ipo, na ndoa yangu inaendelea.

Nilichotaka baada ya hapo ni kulinganisha kwa haki. Kwanza nikapeleka amplifaya kwa fundi wa redio Magomeni, kwa sababu spika ya kulia ilikuwa inasikika chini kuliko ya kushoto. Ni mzee wa miaka sabini hivi, ana miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kuchomea risasi, na muda wote mmoja uko machoni na mwingine uko kichwani.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Weka hapo. Umeipata wapi hii?"

Nikamweleza habari za mjomba. Akafungua mfuniko, akapuliza vumbi, akatazama ndani kwa muda mrefu bila kusema. Kapasita nne, vile vijipipa vinavyotunza umeme kidogo, kwenye njia ya fono zilikuwa zimekauka, akazibadilisha. Swichi na vitasa akavipulizia dawa, akavizungusha mbele na nyuma mara nyingi kama anayechonga penseli. Nilikaa kwenye stuli nikimwangalia, na nilipotoa hela za soda ile senti hamsini ikatoka nazo. Akaidaka.

"Hii ya mjomba wako?"

"Ilikuwa kwenye kreti."

"Ilikuwa kwenye kichwa cha pleya," akasema, akabonyeza yale mabaki ya gundi kwa ukucha. "Watu wakicheza sakafu inaruka, sindano nayo inaruka. Unabandika sarafu juu yake, inatulia. Baa zote zilikuwa hivyo."

Nikafikiria gramu hizo za ziada juu ya sindano butu, usiku baada ya usiku, miaka na miaka. Kichwa changu kinatakiwa kukandamiza santuri kwa gramu 2 tu. Zile santuri hazikupigwa, zililimwa. Na mchakacho nilioulaumu kwa fono ulikuwa umo humo humo kwenye kuta za mfereji, umeandikwa na yule sungura.

Kabla sijaondoka fundi akagusa swichi moja usoni mwa amplifaya. "Na hii nimeisafisha. Ilikuwa imeganda kabisa. Huitumii?"

Ilikuwa swichi ya mono na stereo: mono spika zote mbili zinatoa sauti moja, stereo kila spika na yake. Nikamwambia sioni faida ya kuchukua stereo na kuifanya mono.

"Hizo santuri ndogo za mjomba ni stereo?"

Nikafikiria. Karibu zote ni mono.

"Basi, kijana wangu, muziki wa mono uko kushoto na kulia tu, sindano inayumba kama mtu anayekataa kwa kichwa. Juu na chini hakuna muziki. Lakini kichwa chako ni cha stereo, kinasikia na juu na chini. Sasa huko juu na chini kuna nini?" Akavua miwani ya kuchomea. "Uchafu. Ukiweka mono, wa kushoto na wa kulia wanakutana, muziki unajumlika, uchafu wa juu na chini unafutana."

Akanitoza elfu thelathini na tano. Kwa maelezo hayo peke yake ningemlipa mara mbili.

Usiku huo niliweka santuri moja ya Jamhuri Jazz ambayo nilikuwa nimeshaikatia tamaa. Nikaiacha ipige nusu dakika kwenye stereo: mchakacho umejaa chumba kizima, kushoto, kulia, hadi nyuma ya kochi. Nikabonyeza swichi. Sitawadanganya kuwa kelele iliondoka. Ilijikunja. Ilikusanyika pale katikati, ndogo, kama mvua unayoisikia ukiwa ndani ya nyumba baada ya kutoka nje uwanjani, na gita la pili, ambalo sikujua kama lipo, likaanza kuongea na la kwanza. Nikabonyeza tena kurudi stereo. Likapotea. Nikabonyeza mono. Likarudi. Nimefanya hivyo mara kumi, kama mtoto na swichi ya taa.

Kile kisanduku cha rafiki yangu hakina swichi ya mono. Vingi vya bei hiyo havina.

Sasa kulinganisha kwenyewe. Binti yangu ana miaka kumi na mitatu na hana upande, au tuseme upande wake ni kunifurahia nikishindwa. Kazi yake ilikuwa kuhamisha nyaya za pleya, ama kwenye fono ya amplifaya, ama kwenye kisanduku kinachoingilia AUX, huku kila kitu kimefunikwa kwa kanga ya mama yake. Ilipokuwa imetandikwa ndipo nikasoma jina la kanga: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Nikamwuliza kama ameichagua makusudi. Akasema ndiyo iliyokuwa juu.

Kuna jambo moja ambalo wengi wanaosimulia mapazia hawalifanyi, nalo ni kusawazisha sauti kwanza. Sikio linapenda kilicho juu kidogo, na halitakwambia kuwa kimezidi, litakwambia ni kizuri. Nilipopima kwa simu, kisanduku cha rafiki yangu kilikuwa juu ya fono ya mjomba kwa desibeli 2 na ushee. Nikabandika vipande viwili vya plasta kwenye kitasa cha sauti, kimoja cha kila upande, binti akapewa maagizo.

Tulipokuwa tunajiandaa nikagundua jambo jingine lililonitia aibu zaidi. Ili mashindano yawe ya haki, nyaya zinazotoka kwenye pleya lazima ziwe zile zile kwa pande zote. Nikachukua zile za rafiki yangu, za mita moja, nikazichomeka kwenye amplifaya badala ya zangu. Zangu ni za mita tatu. Nilizinunua Kariakoo ndefu hivyo ili pleya ikae mbali na spika. Nikaweka LP ya usiku ule wa kwanza. Matoazi yametulia. "S" ya binadamu. Fono ni ya mjomba ile ile.

Nikakaa kitako. Nilikuwa nimempigia mtu simu saa nne usiku kusifia urefu wa waya.

Nilipokwenda kusoma kwa utulivu nikaelewa. Kichwa cha sumaku kama changu ni koili ndefu ya waya mwembamba, na waya wa kwenda kwenye fono unajibeba kama kapasita ndogo. Koili na kapasita zikikutana kuna sauti moja zinayoipenda kuliko nyingine zote, zinaivimbisha, na juu ya hapo kila kitu kinaporomoka. Watengenezaji wa VM95E wanataka jumla ya pikofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita) 100 hadi 200 kati ya kichwa na fono. Chukua 200, piga hesabu na koili yenye ukubwa wa milihenri 550 (hicho ndicho kipimo cha koili), uvimbe unaangukia karibu hezi 15,000, huko ambako masikio yangu ya miaka arobaini na sita hayana habari sana. Waya wa mita tatu pamoja na kapasita zilizomo ndani ya amplifaya unaweza kukufikisha 500, na uvimbe unashuka hadi hezi 9,600 hivi. Hapo ndipo penye matoazi na penye "s". Hapo ndipo vitumbua vyangu vilipokuwa vinakaangwa. Pleya nikaisogeza, waya nikanunua wa mita moja.

Jumapili mchana, mapazia yamefungwa (ya kweli, ya dirishani), tukaanza. LP kwanza, mara kumi. Nikapatia saba. Kisanduku nilikitambua mahali pamoja tu, pale wimbo unapokwisha na mwingine haujaanza: fono ya mjomba ina mvuvumo mwembamba kama pumzi ya mtu aliyelala, kisanduku hakina. Katikati ya muziki nilikuwa nabahatisha. Saba kwa kumi si ushahidi wa kumfunga mtu, lakini nakubali, kisanduku kilikuwa safi zaidi.

Kisha santuri ndogo, mara kumi, zote zikipigwa kwa swichi ya mono, maana iko mbele zaidi kwenye njia na inafanya kazi kwa AUX na kwa fono vile vile. Nikapatia tano. Sungura wa mjomba angerushwa hewani angepatia hizo hizo.

"Baba, tuendelee?" binti akauliza, akiwa anacheka ndani ya kanga.

Tukaishia hapo. Kama kwangu kungekuwa na LP mia na hamsini safi, zilizotunzwa na mtu wa taratibu, ningetoa laki saba kesho yake na nisingejutia. Ushauri wa mtandaoni umeandikwa na watu wa aina hiyo kwa watu wa aina hiyo, na kwao uko sawa. Kwangu, santuri nne kati ya kila tano zimepita chini ya sarafu. Ukimya wa kisanduku unaanza pale ambapo santuri zangu hazifiki.

Nisieleweke kuwa nasema kisanduku ni utapeli. Anayetumia kichwa cha koili ndogo inayotikisika pamoja na sindano, kinachotoa sehemu tu ya milivolti moja, anahitaji kukuza kama mara 1,000, na amplifaya kama yangu itampa mvuvumo mtupu. Mwenye amplifaya mpya isiyo na fono hana la kuchagua. Na mimi mwenyewe nina santuri mbili za bibi yangu mzaa mama, za mizunguko 78, nyeusi, nzito, zinavunjika kama sahani. Hizo ni ngumu. Zinataka sindano nene zaidi, na bahati nzuri kichwa changu kina sindano ya namna hiyo inayochomekwa hapo hapo, lakini kanzu yake ilikunjwa kabla ya mwaka 1954. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na wakati huo hakuna aliyekuwa anaongeza sauti nyembamba kwa kipimo cha RIAA. Fono ya leo inazipunguza tu bila kujua kuwa hazikuongezwa, na mwimbaji anasikika kama anaimba akiwa amefunikwa blanketi. Kwa sasa nazungusha kitasa cha sauti nyembamba hadi karibu na mwisho, inasaidia nusu. Viko visanduku vinavyokuruhusu kuchagua kipimo kwa santuri za kila zama, na siku nikipata ya tatu na ya nne za aina hiyo, bahasha itarudi ndani ya jalada la Mbaraka.

Hela imekwendaje? Sehemu imenunua sindano mpya, ile yenye ncha nyembamba sana, ambayo inashuka na kugusa sehemu ya ukuta wa mfereji ambayo sindano butu ya mjomba haikuifikia. Kwa santuri nyingi ni kama kupata nakala nyingine. Kwa mbili tatu imefanya mambo kuwa mabaya zaidi, inasoma majeraha kwa ufasaha wa kutisha, na hizo nazipiga kwa sindano ya zamani. Sehemu imekwenda kwenye kuosha: brashi laini, tone la sabuni ya maji, na maji yaliyosafishwa yale ya kuongezea kwenye betri za gari. Yaliyosafishwa, narudia, si ile asidi. Na spiriti usiiguse kabisa kwa zile za 78, inayeyusha uso wake. Jumla sijafika laki mbili na nusu. Iliyobaki mke wangu anajua iko wapi.

Kisanduku nilikirudisha Nairobi kwa mkono wa mtu, nimekifunga vizuri, pamoja na nyaya zake za mita moja.

Wiki iliyopita mama alikuja kutoka Tanga, dada yake mjomba. Alikuwa jikoni anachambua mchele nilipoweka santuri moja ya Simba Wanyika, imeoshwa, mono, sindano mpya. Kama mnavyojua, nyimbo zile ni ndefu kuliko upande, zimekatwa mbili: upande wa kwanza wanaimba, unafifia pale magita yanapoanza kushikana, na chemko lote liko nyuma. Upande ukaisha. Mimi nikabaki nimekaa, nasikiliza ule ukimya, naupima.

"Mbona hugeuzi?" mama akapaza sauti, ungo mkononi. "Geuza basi! Kaka alikuwa anageuza kabla watu hawajafika kwenye viti."